Mchanga wa Mbele ya Mlango

Muuza karanga wa pale ninaposhushia nazi zangu, Dar, hukaanga karanga zake ndani ya mchanga. Juzi nilikuwa nimesimama mbele yake tukibishana kuhusu kipimo, maana kikombe chake kimebonyezwa kitako kwa ndani na anadhani hatuoni. Akakoroga karai, joto la mchanga likanipiga usoni, nami nikanyamaza katikati ya neno. Kwa mfanyabiashara, kunyamaza katikati ya bei ni hasara. Yule kijana alijua ameshinda, akanifungia karanga kwa kikombe chake kilekile. Sikumlaumu, sikuwa pale. Nilikuwa uani kwetu, Mafia, upande wa Kirongwe, nimejibanza nyuma ya pipa la maji, namchungulia mwanamume anayekaanga mchanga usio na karanga hata moja.

Mwanamume huyo alikuwa mume mpya wa mama yangu. Baba yangu alifariki kabla sijajua kutembea, kwa hiyo sikuwa na mtu wa kumlinganisha naye. Nilikuwa na Bibi tu, mama yake mama, na kipimo cha Bibi kilitosha nyumba nzima. Bibi alihesabu kila kitu mara mbili: kuku wakiingia bandani, nazi zikishuka mtini, hata maneno ya watu. Ukimpa shikamoo yenye haraka, atakuitikia marahaba vizuri kabisa, kisha atakaa mpaka jioni akijiuliza unakimbia nini. Nimelelewa kwenye kanga yake. Macho yangu ni yake.

Mama alikwenda bara kumuuguza dada yake. Alikwenda peke yake, akarudi na mume. Mume mwenyewe alikuja na begi la turubai, kofia iliyopauka, na sifa moja: alikuwa msaidizi wa dereva wa treni mpaka walipopunguzwa kazini. Kwetu hakuna treni. Bibi aliona hilo linatosha.

"Mwanangu ameniletea fundi wa kitu kisichokuwapo," aliwaambia majirani. "Bora angeniletea mchunga ngamia, tungekula nyama."

Mama alitaka nimwite Baba. Mimi nilimwita Mgeni, na sikulitia jina hilo heshima yoyote.

Treni hatukuwa nayo, ila reli tulikuwa nayo, kipande. Enzi za shamba kubwa la minazi, wenye shamba walitandaza reli nyembamba kutoka banda la nazi mpaka ufukweni. Walipoondoka, wauza chuma chakavu waling'oa walichoweza. Kilichobaki ni kile cha mteremkoni, kwa kuwa kilikuwa kimefunikwa na majani na hakuna aliyetaka kukipandisha kwa bega. Sambamba na reli hiyo, wanawake wa kwetu walishusha nazi kwa vichwa vyao. Mama alikuwa mmoja wao, na shingo yake ilikuwa imeanza kugoma. Ukimwita asubuhi, hageuki shingo. Anageuka mwili mzima, kama mlango.

Mgeni alipouona ule mteremko alisema atatengeneza kiberenge, kigari cha mizigo cha kupita juu ya reli ile. Magurudumu ya zamani yalikuwa bado bandani chini ya makuti, na injini aliipata kwenye pikipiki iliyokufa. Bibi akatoa hukumu mbele ya watu, akiwa anachambua mchele wala hakuinua kichwa.

"Kikitembea, akae. Kisipotembea, arudi kwao."

"Mama, mume si jembe la kujaribiwa," mama yangu akasema.

"Jembe lenyewe dukani unaligonga kwanza."

Kwa hiyo nilijua, na kila mtu alijua, kinachosubiriwa. Mama alikuwa akicheka tangu mtu huyu aje, na kwa miaka niliyomjua alikuwa hachekicheki. Kiberenge kisipotembea, kicheko hicho kingeondoka na begi la turubai. Mimi, niseme kweli, nilikuwa upande wa Bibi.

Siku ya kwanza walikipakia magunia, Mgeni akawasha. Injini ikalia, magurudumu yakazunguka palepale yakipiga kelele, na kiberenge hakikusogea hata upana wa kidole. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini.

"Shemeji," mmoja akamwambia, "mashine ya kusaga unga tunayo tayari."

Mgeni hakucheka wala hakukasirika. Alipiga goti, akapitisha kidole juu ya reli, akakinusa. Nikaliona hilo nikaliweka moyoni.

Tangu hapo akawa mtu wa mambo. Alfajiri, akitoka msikitini, haji nyumbani. Anakwenda relini, anatembea ameinama kama mtu aliyedondosha pete, anagusa, ananusa, ananung'unika. Anakwangua chuma kwa kifuu na kukisugua kwa kumbi la nazi. Akawakataza watoto kula mabibo karibu na reli, akaipogoa mikorosho iliyoinamia njia. Magunia ambayo wanawake waliyapanga nyuma aliyahamishia mbele, juu ya magurudumu yanayosukumwa na injini. Mama alimuuliza wakati tunakula, kwa sauti ya mtu anayetaka mama yake asikie.

"Hivi hasa unatafuta nini pale?"

"Uchafu," akasema. "Gurudumu la chuma na reli ya chuma vinagusana mahali padogo tu. Kama kucha hii ya kidole gumba. Uzito wote uko hapo. Hapo pakiwa na uchafu, gurudumu halina pa kushika."

"Uchafu gani?"

"Wowote. Jani likisagwa linakuwa kama sabuni. Bibo ndiyo usiseme. Halafu umande. Mvua kubwa ni rafiki, inaosha reli. Manyunyu ndiyo adui, yanakoroga uchafu ukawa uji."

Bibi aliendelea kula. Jikoni, tukiosha vyombo, akaniinamia.

"Umemsikia? Mtu anayechagua mvua."

Nikamsikia, naam. Lakini hayo yote yalikuwa madogo mpaka lilipokuja suala la mchanga.

Alisema treni kubwa huko bara hubeba mchanga kwenye masanduku, na dereva akiona magurudumu yanateleza huumwaga kidogo mbele yake ili chuma kipate kung'ata. Akachukua makopo mawili ya maziwa ya unga, akayafunga mbele ya kiberenge, kila moja na kipande cha mpira kinachofika chini karibu na gurudumu, na kamba ya kuvuta. Hadi hapo hakuna ubaya. Sisi tunaishi juu ya mchanga. Ukishuka ufukweni utachota mpaka uchoke, hakuna wa kukuuliza. Mgeni alikwenda ufukweni, akachota kiganja, akaweka kidogo mdomoni, akatafuna, akatema. Akamwaga wote. Kisha akarudi nyumbani na ndoo tupu, akachuchumaa mbele ya mlango wetu, akaanza kuchota mchanga wa njiani.

Inabidi nieleze hapa kwa ajili ya wasiokulia kwetu. Mbele ya mlango wetu njia ilikuwa inateremka kutoka juu, na kila mvua ikinyesha iliacha pale mchanga umetandazwa laini kama shuka. Nyayo zetu zote zilikaa pale wazi: za mama, za Bibi, zangu. Na kwetu mtu akitaka kukuweza kwa uchawi hahitaji nywele zako wala nguo yako. Anachota mchanga uliokanyaga. Anauweka motoni, na wewe huko uliko mguu unaanza kuwaka. Hili hatufundishwi kwenye chuo cha Kurani wala shuleni, ila hakuna mtoto asiyelijua.

Sasa hesabu pamoja nami. Mtu amezungukwa na mchanga pande zote, anaukataa wote, anataka wa miguuni petu tu. Anauchekecha. Anautia kwenye karai. Anawasha moto. Anaukaanga mchana kweupe, anaukoroga kwa mwiko, hana hata adabu ya kujificha. Nilihesabu mara mbili nyuma ya lile pipa, na mara zote mbili jibu lilikuwa moja.

Na kiberenge kikatembea. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikiondoa taratibu, kama mtu anayetoka kitandani asimwamshe mtoto, akavuta kamba, mchanga ukamiminika kama chumvi kwenye mchuzi, magurudumu yakasaga kidogo kisha yakashika. Kikashuka kimejaa na kupanda kikiwa na magunia ya unga, na wanawake waliocheka sasa walikuwa wanagombea nafasi ya mizigo yao. Shingo ya mama ikapata nafuu. Nikamwita siku moja akageuza kichwa peke yake.

"Kinatembea," nikamwambia Bibi.

"Kitaachaje?" akasema. "Kinatembea kwa miguu yetu."

Maneno hayo hayakukaa jikoni kwetu. Baada ya siku chache kila aliyepita mbele ya nyumba alipita pembeni, juu ya majani, akiinua kanga au msuli usilowane umande. Mgeni akasimama mlangoni, akawasalimu mmoja mmoja, nao wakamwitikia vizuri wakiwa majanini. Mimi nilichukua hatua yangu. Kila asubuhi kabla hajarudi kutoka msikitini, nilifagia njia. Nilifuta nyayo za mama kwanza, kisha za Bibi, kisha zangu nikirudi kinyumenyume, na uchafu wote nikauweka rundo moja kando. Siku ya tatu akanikuta nimeshika ufagio.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akaliangalia rundo langu. "Umenitolea majani kabisa. Umenirahisishia kazi."

Akachota rundo lote. Nyayo zetu sote, zimekusanywa pamoja, kwa mkono wangu. Sikula mchana ule.

Haikupita wiki, mguu wa mama ukavimba.

"Nimechomwa na mwiba wa mkindu," mama alisema, ameuweka mguu kwenye beseni la maji ya moto. "Nimeutoa mwenyewe. Mnaniangalia hivyo kwa nini?"

"Mwiba unatumwa," Bibi akasema.

"Nani atume mwiba, mama?"

Bibi aliangalia uani, ambako karai lilikuwa limeegemezwa ukutani, jeusi kitako.

Ijumaa, wanaume walipokwenda kuswali, Bibi alijifunga kanga kiunoni na kuchukua ndoo mbili za mchanga mweupe alioutoa ufukweni na kuuanika tangu Jumatano. Nilimfuata hadi bandani. Aliyafungua makopo, akamwaga mchanga wa njiani kwenye kanga yake nyingine kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mayai, akajaza ule wa baharini.

"Wa bahari hauna mtu," aliniambia. "Maji yamefuta wote."

Juu yake akarudishia safu ya ule wa zamani, akausawazisha kwa kiganja. Nyie wauza mchele mnaijua kazi hiyo: mzuri juu, mbovu chini. Halafu akaurudisha uliobaki mbele ya mlango, akautandaza, akaukanyagakanyaga kama anayerudisha watu majumbani mwao. Nilijisikia salama kuliko siku zote tangu Mgeni aje.

Kesho yake asubuhi palikuwa na manyunyu. Siyo mvua, ile hali ya hewa ya kulowanisha nyusi. Mashua ya mnunuzi wa nazi ilikuwa inangoja, maji yanatoka, na ikichelewa ingekaa juu ya matope. Mimi na Bibi tulikuwa chini pwani pamoja na wanawake waliokuwa wakifua nazi, kando ya rundo kubwa la makumbi ambako reli inaishia. Kule juu niliwaona wakipakia. Mama hakuweza kutembea vizuri na mguu wake, kwa hiyo akapanda juu ya magunia.

Bibi alimwona akipanda. Aliacha kufua nazi.

"Anafanya nini yule?" akauliza. "Siku zote hashuki kwa miguu?"

"Mguu, Bibi," nikasema.

Mgeni alifungua kopo moja, akachukua chembe, akaweka ulimini, kama alivyofanya siku zote. Akafunga. Akawasha. Kiberenge kikaanza kushuka taratibu, kikishika breki vizuri, mchanga ukimwagika. Mama amekaa juu na mwavuli wake kama bi harusi. Katikati ya mteremko sauti ikabadilika. Magurudumu yalikuwa yamesimama kabisa, hayazunguki, na kiberenge kinakuja. Hicho ndicho kitu ambacho sijawahi kukisahau: gurudumu lililotulia tuli, na chuma chote hicho kinateleza juu ya reli kama sabuni kwenye sakafu. Niliona Mgeni akivuta kamba, akivuta tena, na kutoka mpirani ukatoka uvumbi mweupe. Aliachia breki kidogo magurudumu yazunguke, akakamata tena, yakakataa. Akapiga kelele mama aruke, mama akang'ang'ania gunia. Mwisho akashuka yeye, akauchomeka mguu wake kati ya ubao wa breki na reli, akaukandamiza kwa uzito wake wote kipunguze mwendo.

Bibi alikuwa amenishika bega na kucha zake zilikuwa zimeingia.

Kiberenge kikaingia kwenye rundo la makumbi hadi katikati. Magunia yakapasuka, nazi zikatawanyika pwani. Kisha makumbi yakasogea, akatokea mama, nywele zimejaa nyuzi za kumbi, mkononi mpini wa mwavuli usio na mwavuli.

"Mimi mzima," akasema kwa hasira. "Mwangalieni yeye."

Yeye alikuwa amekaa chini, amejishika mguu. Ulikuwa umeanza kuvimba, na haukuwa na mwiba. Hakuuangalia. Alijivuta hadi kwenye kopo, akalifungua, akachimba kwa kidole mpaka chini, akaweka mdomoni. Mimi nikafikiri, sasa anatujua. Akatema.

"Chumvi," alisema polepole.

Akainua macho. Alimwangalia Bibi, na Bibi akaiangalia bahari, mahali ambapo hapakuwa na chochote cha kuangalia. Wanawake walikuwa wameanza. Mmoja alisema chuma hicho kiuzwe chakavu. Mwingine alisema walijua tangu mwanzo, na kwamba wangezika mtu leo. Wote wakamgeukia wakitaka neno.

"Kosa langu," Mgeni akasema. "Nilionja wa juu tu."

Hakuongeza. Nikasubiri aongeze. Kwa kawaida mtu akiwa na mali ya namna hiyo mkononi anaidai bei yake hapohapo, mbele ya mashahidi. Nilimhesabu upya, na kwa mara ya kwanza hesabu haikulingana.

Mchana alikaa uani, mguu kwenye beseni lilelile la mama, begi la turubai liko kando yake, limeshafungwa. Alikuwa amemwambia mama kwamba kesho atapata gari la kwenda Kilindoni, bandarini, na kuvuka kurudi bara. Neno la Bibi lilikuwa limesemwa mbele ya watu, na kiberenge kilikuwa kimelala kwenye makumbi. Mama alikuwa ndani, hatoki. Nikatoka nyuma ya pipa.

"Kwa nini hukuchukua wa baharini?" nikamuuliza. "Tangu mwanzo."

Alinijibu kama anavyomjibu mtu mzima. "Wa baharini kwenu ni makome na matumbawe yaliyosagika. Gurudumu likipita juu yake unakuwa unga, na unga hauzuii kitu. Tena una chumvi. Chumvi inakunywa maji. Hata ukiukausha leo, manyunyu yakija unalowa wenyewe. Huu wa njiani umeshuka na mvua kutoka juu. Mgumu, una kona, na nikiukaanga unakauka, haugandi mpirani. Unang'ata."

"Basi si kwa sababu ya nyayo?"

"Nyayo gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mguu kuwaka, karai, mama. Alisikiliza huku amekiacha kitambaa alichokuwa akikandia mguu kinadondosha maji. Nilipomaliza aliangalia njia, akaangalia majani ya pembeni, ambayo yalikuwa yamelala chini kwa kukanyagwa.

"Ndiyo maana watu wote wanapita majanini," akasema. "Mimi nilidhani ni adabu za huku."

Hakucheka. Jikoni, nyuma ya ukuta wa makuti, kitu kilikuwa kikitwangwa tulipoanza kuzungumza. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kinu kilikuwa kimenyamaza kitambo.

Alfajiri ilinyesha mvua kubwa, ile rafiki. Kulipopambazuka njia ilikuwa imeoshwa, na mbele ya mlango mchanga mpya ulikuwa umelala laini, hakuna aliyeugusa, hata kuku. Mgeni alitoka na begi lake begani na fimbo mkononi. Mama alisimama nyuma yake. Nilishika ufagio wangu bila kujua nitaufanyia nini.

Bibi alitoka jikoni. Akavua ndala zake, akaziweka pembeni, akapita mbele ya mkwewe bila kumwangalia, akashuka kwenye mchanga. Akakanyaga mguu wa kulia, akaukandamiza. Akakanyaga wa kushoto. Kisha akasogea kando.

"Haya," akasema. "Chota."

Mgeni hakusogea.

"Ndoo iko wapi? Chota, mvua isirudi. Huo wangu."

Akashusha begi. Akachukua ndoo, akachuchumaa kwa shida kwa sababu ya mguu, akaanza kuchota pembeni, akizunguka zile nyayo.

"Mbona unazunguka, mkwe wangu?" Bibi akamwambia. "Hapo katikati."

Nilizihesabu zile nyayo kabla hajaziondoa. Zilikuwa mbili. Nikazihesabu tena, maana sikuwahi kumwona Bibi akitoa kitu kimoja bila kudai chake, sembuse viwili. Nikamngoja adai. Aliosha miguu, akavaa ndala, akaingia jikoni, akatoka na kikaango chake cha chapati ambacho hata mama hakuruhusiwa kukigusa, akakiweka juu ya moto, akaipokea ile ndoo.

"Nifundishe," akasema. "Unakaangwa mpaka uweje?"